Neno "non-starter": maana yake na jinsi ya kulitumia bila kuumbuka

Kuna siku nilimwandikia bosi imeli, nikamwambia "I am still a non-starter on this report", na kichwani kwangu nilikuwa nasema tu kwamba ile ripoti sijaigusa bado, maana si ndio hivyo, non ni si, starter ni mwenye kuanza, kwa hiyo mimi ni ambaye sijaanza, hesabu rahisi kabisa. Haikupita hata robo saa akanipigia simu, sauti imepoa, ananiuliza kama kuna shida yoyote, kama kazi imenishinda au nataka nitolewe kwenye hiyo ripoti. Kumbe nimemwandikia kwa mkono wangu mwenyewe kwamba mimi kwenye hiyo kazi ni bure kabisa, asinitegemee. Nikabaki naomba radhi kwa kosa ambalo hata silielewi. Tangu hapo hili neno nimelifuatilia mpaka nikalijua tabia, na nimeona niandike hatua kwa hatua ili mwenzangu usipite nilikopita.

Hatua ya 2 na ya 4 ndo zenye nyama. Nyingine ukizipitia harakaharaka sawa tu.

Hatua ya 1: Litamke

Neno ukiliogopa mdomoni hutakaa ulitumie. Bahati nzuri hili ni kama limetengenezwa kwa ajili yetu, kwa sababu Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho na hili neno nalo uzito wake uko hapohapo, non-STAA-ta. Waingereza wengi ile r hawaisemi, Wamarekani wanaisema, we sema vile unavyosema staata ya gari utaeleweka popote. Usitie nguvu zote kwenye "non" kama mtu anayemkatalia mtoto.

Kuandika: Uingereza wanaweka kistari katikati, non-starter, na Marekani mara nyingi wanaunganisha, nonstarter. Chagua moja uende nayo mpaka mwisho wa maandishi yako, usiwe unabadilisha kila aya.

Hatua ya 2: Mjue farasi

Ukisikia staata akili inakimbilia gari, gari limegoma kuwaka asubuhi, na mi kwa muda mrefu niliamini neno limetoka huko. Hapana. Ni kweli kwenye matangazo ya magari yaliyotumika unaweza kuona gari limeitwa non-starter kwa maana haliwaki, lakini neno lenyewe ni la zamani kuliko magari, limetoka kwenye mbio za farasi za Uingereza, karne ya 19.

Utaratibu wa zile mbio uko hivi. Mwenye farasi anamwandikisha mapema, wakati mwingine miezi kabla, analipa ada, jina la farasi linaingia kwenye orodha na watu wanaanza kuliwekea pesa. Siku ya mbio inafika, farasi wanapangwa mstarini, na yule mmoja hayupo. Labda kachechemea jana yake, labda mvua imenyesha uwanja umekuwa tope na yeye tope haliwezi, labda mwenyewe kaghairi tu. Huyo ndo non-starter, yuko kwenye karatasi ila mstarini hayupo. Na kwa kawaida aliyeweka dau lake mapema sana pesa yake inaenda hivyohivyo, hata kama farasi hakupiga hatua moja, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo toka mwanzo, kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini neno lina uchungu fulani ndani yake. Siku hizi watu wa farasi wenyewe huko Uingereza wanapenda zaidi kusema non-runner, na lile la zamani wametuachia sisi wa maofisini.

Sasa hapa tulia kidogo maana ndo penyewe. Yule farasi hajashindwa. Hajawa wa mwisho, hajaanguka, hajachoka njiani. Hakukimbia tu. Na inawezekana kabisa kwamba angekimbia angewaacha wote. Kuitwa non-starter hakusemi chochote kuhusu mbio zake, kunasema tu kwamba kuna kitu kimemzuia kufika mstarini. Karne ya 20 watu wakalichukua wakaliweka kwenye mawazo na mipango, na maana ikaja hivyohivyo: wazo lisiloweza hata kuanza, kwa sababu kuna kitu kimelifungia njia. Linaweza kuwa wazo zuri hata la kupendeza. Ila halitoki.

Kama farasi hawakuingii akilini, chukua riadha. Kwenye matokeo ya mbio umeshaona zile herufi DNS na DNF, ya kwanza ni ambaye hakuanza na ya pili ni ambaye hakumaliza. Marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 walianza watu 75 wakamaliza 57, na huyo wa 57 ndo John Stephen Akhwari aliyeumia goti akaendelea kujikokota mpaka akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Wale 18 wa katikati ni DNF, waliishia njiani. Akhwari alimaliza. Hakuna hata mmoja kati ya hao 75 ambaye unaweza kumwita non-starter, maana wote walitoka mstarini. Watu wanakosea hapa kila siku, mpango umeanza vizuri, umekula pesa miaka miwili, umekufa, afu mtu anaandika "it was a non-starter". Hapana bwana, huo ulianza. Tafuta neno lingine.

Hatua ya 3: Liweke kwenye sentensi

Ni nomino na inahesabika, kwa hiyo ikiwa moja lazima uitangulize na a, "The idea is a non-starter", zikiwa nyingi ni non-starters. Sisi tunapenda kuiacha hiyo a kwa sababu Kiswahili hakina kitu kama hicho, na ukiiacha Mwingereza anaelewa lakini anasikia mwiba.

Haiwi kitenzi, usije ukaandika "the plan non-started". Na haipokei very. Ukitaka kukazia tumia complete, absolute au total, "That's an absolute non-starter", yaani hapo hata usijisumbue. Unaweza pia kutaja ni upande gani limekwama, na haya ndo matumizi ninayoyapenda kuliko yote kwa sababu yanakulazimisha ufikiri: "a political non-starter" ni wazo ambalo huenda pesa ipo na wataalamu wapo ila hakuna mwanasiasa atakayeligusa, "a financial non-starter" kila mtu analitaka ila hela hakuna na haitapatikana.

Unamtaja aliyekataa kwa kutumia for, "Working every Sunday is a non-starter for me", kwangu mimi hilo halipo. Na kwenye habari utakutana sana na dismiss, "They dismissed the proposal as a non-starter", walilitupilia mbali pendekezo wakisema halina pa kuanzia.

Vitu vinavyoitwa hivi ni wazo, mpango, pendekezo, ombi, ofa, njia ya kutatua jambo. Mvua haiwi non-starter, swali haliwi non-starter. Mtu je? Waingereza wanaweza kumwita mtu hivyo, kwa maana hana nafasi yoyote kwenye kinyang'anyiro au ni wa bure tu, lakini hiyo achana nayo. Mi nilijiita mwenyewe na unaona yaliyonikuta.

Kuna na wale wanaofanana nalo sura ila si ukoo mmoja. Self-starter ni sifa, utaiona kwenye matangazo ya kazi, mtu anayejituma bila kusukumwa, na kinyume chake siyo non-starter hata kidogo. For starters ni kama kusema kwanza kabisa, au kwa kuanzia. Na starter peke yake kwenye mgahawa ni kile chakula kidogo cha mwanzo kabla ya mlo wenyewe, kwa hiyo ukimwambia mhudumu unataka non-starter sijui atakuletea nini.

Na ile "a non-starter from the start" watu wanaisema ila mi inaniudhi, ni kama kusema maiti aliyekufa.

Hatua ya 4: Jiulize wazo limefia wapi

Kiingereza kina maneno mengi ya mawazo yasiyo na matumaini, na kamusi zinayarundika pamoja kama vile yote ni sawa. Si sawa. Mimi nayatenganisha kwa swali moja tu, hili wazo limefia wapi? Kabla ya mstari, njiani, au baada ya kufika?

Kabla ya mstari ndo kwa non-starter. Hapohapo jirani kuna pipe dream, ambayo ni ndoto tamu ya mtu aliyelewa, na hiyo pipe ni kiko cha kuvutia kasumba, msemo umetokea Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Tofauti iko kwenye anayewaza. Pipe dream inamsema muotaji, amezama kwenye raha ya kuwaza, wala huenda hajamwambia mtu. Non-starter inalisema pendekezo lenyewe, limeletwa mezani na limekataliwa. Kwa Kiswahili pipe dream tunayo tena nzuri kuliko yao, ndoto za Alinacha, yule wa kwenye hadithi za Alfu Lela Ulela aliyekuwa na vyombo vyake vya vioo vya kuuza, akaanza kuwaza faida na faida ya faida mpaka akajiona anaoa binti wa waziri, akarusha teke kwa maringo, vioo vyote chini. Sasa angalia, biashara ya Alinacha yenyewe haikuwa non-starter. Vyombo alikuwa navyo, angeviuza. Kilichokuwa hewa ni ile ndoto.

Long shot hii wengi wanaichanganya na inaweza kukuletea hasara. Long shot ina nafasi, ndogo sana lakini ipo, kama mtu anayelenga shabaha ya mbali. Ukiambiwa na mtu wa benki "it's a long shot", jaza fomu, omba, subiri. Akikwambia "it's a non-starter" kunja karatasi zako uende. Kuna watu wameacha kuomba nafasi kwa sababu walisikia long shot wakaelewa imefungwa.

Half-baked ni mkate uliotolewa mapema jikoni, wazo bado bichi. Mtu akiliita wazo lako hivyo anakutukana kidogo, kweli, lakini kakuachia mlango, lirudishe jikoni liive. Non-starter hairudi jikoni.

Afu deal-breaker. Hizi mbili zinatembea pamoja mpaka watu wanadhani ni mapacha, ila moja ni sababu na nyingine ni matokeo. Umepata ofa ya kazi, mshahara mzuri, watu wazuri, ila lazima ufanye zamu ya usiku na wewe usiku una mgonjwa wa kumwangalia. Zamu ya usiku ndo deal-breaker. Ofa nzima kwa ajili yako imekuwa non-starter. Ukishaiona hivyo hutazichanganya tena.

Njiani sasa. Dead in the water ni ya majini, meli iliyotulia katikati ya maji, tanga limelala au injini imezima. Kwa hiyo chombo kilishang'oa nanga ndo kikakwama. Sisi tungesema mpango umegonga mwamba, tofauti ni kwamba kwetu kuna kishindo na kwao kuna ukimya. Lost cause ni jambo ambalo watu wamelipigania na bado wanalipigania na halitapona, sikio la kufa halisikii dawa, na mara nyingi neno hili lina huruma ndani yake, kitu ambacho non-starter haina kabisa, ni kavu kama muhuri.

Wild goose chase ni kuhangaika kufuata kitu kisichopatikana, kufukuza upepo. Shakespeare alishaitumia kwenye Romeo and Juliet, na kilichonifurahisha ni kwamba zamani hizo ilikuwa aina ya mbio za farasi, aliyetangulia anakata kona anavyotaka na wa nyuma wote wanamfuata hukohuko kama bukini wanavyoruka kwa mstari. Farasi tena! Hawa Waingereza ukiwanyang'anya farasi na meli sijui wangeongea nini.

Baada ya kufika kuna flop, kitu kimetolewa, kimetangazwa, watu wamekiona na hawakukitaka. Vijana wanasema imebuma, na imebuma ndo flop haswa, kwa sababu huwezi kubuma kabla hujajaribu. Damp squib ni fataki iliyolowa maji, mlisubiri mlipuko mkapata moshi. Na white elephant ni jengo au mradi uliokamilika kabisa, upo, unaonekana, ila kuutunza ni mzigo na kuutumia hakuna. Huo ni mbali kabisa na non-starter, huo ulianza ukamaliza na sasa unawatazama.

Kuna kesi moja inayosumbua kila kipimo. Mwaka 1993 kwenye Grand National, mbio kubwa za farasi pale Aintree, kamba ya kuanzia iliwakoroga, ishara ya kuwarudisha haikufika kwa wengi, farasi 30 kati ya 39 wakaendelea kukimbia wakati 9 wamebaki pale mwanzo. Farasi 7 walimaliza umbali wote, Esha Ness akiwa mbele, na mbio zikatangazwa batili, hakuna mshindi. Sasa Esha Ness tumweke wapi? Kaanza, kakimbia, kamaliza, kawa wa kwanza, na kwenye kitabu hayupo. Mpango wa aina hiyo, uliofanyika wote afu ukafutwa, Kiingereza kinasema null and void, na ukiuita non-starter utakuwa umemdhulumu farasi wa watu.

Hatua ya 5: Taja kilichoziba njia

Kabla hujaandika hilo neno hebu jaribu kumalizia sentensi kwa because. "It's a non-starter because..." Ukikosa cha kuandika baada ya hapo ujue hulijui, hulipendi tu hilo wazo, na kutokupenda kuna maneno yake.

Mfano wa sababu iliyonyooka. Kwa karne nyingi watu walikuwa wanahangaika kuchora, kwa rula isiyo na vipimo na bikari peke yake, mraba wenye eneo sawasawa na la duara. Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kikachoka na barua, kikatangaza kwamba hakitapokea tena kazi za kutafuta huo mraba wa duara, wala kugawa pembe sehemu tatu, wala kuzidisha mchemraba mara mbili, wala mashine za kujiendesha milele bila kutiwa nguvu. Hapo ndo unaona non-starter kazini, hawakusoma wakakuta makosa, walisema hatusomi. Na baadaye sababu zikapatikana kabisa, Pierre Wantzel mwaka 1837 akaonyesha kwamba pembe na mchemraba haviwezekani kwa vifaa hivyo, Ferdinand von Lindemann mwaka 1882 akafunga na la mraba wa duara kwa kuthibitisha tabia ya namba pai. Kazi ikaisha.

Lakini si unajua binadamu. Mwaka 1897 kule Indiana, Marekani, daktari mmoja anaitwa Edward Goodwin alikuwa na njia yake ya kuupata huo mraba, likaandikwa kuwa mswada wa sheria, na ndani yake ukikokotoa unakuta pai imegeuka 3.2. Baraza la Wawakilishi likaupitisha kura 67 kwa 0! Bahati siku hizo alikuwepo pale profesa wa hesabu, C. A. Waldo, akazungumza na maseneta, na Seneti ikauweka pembeni, haukurudi tena. Sasa ule mswada ulikuwa non-starter au hapana? Kihesabu ndio, tena absolute. Kisiasa hapana, ulitoka mstarini kwa mbio kabisa ukafia Seneti. Ndo maana nasema taja upande, wazo moja linaweza kuwa limefungwa kwenye meza hii na linakimbia kwenye meza ile.

Na kuna upande wa pili wa aibu. Januari 1920 gazeti la New York Times lilimkejeli Robert Goddard kwa wazo la kurusha roketi nje ya hewa ya dunia, kwa hoja kwamba kule kwenye utupu roketi haina kitu cha kusukumia. Hoja yenyewe ndo ilikuwa mbovu, roketi haihitaji hewa ya kusukuma, inakwenda kwa kile inachotema yenyewe. Gazeti lilichapisha masahihisho tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuruka kwenda mwezini, na Goddard alishafariki toka 1945. Kwa hiyo ile because yako nayo ikague, isiwe because ya kuokota.

Hatua ya 6: Jua nani anaongea

Kwenye habari za mazungumzo ya kisiasa, migomo, mikataba, hili neno limejaa, na hapo lazima ulisome kwa jicho la pembeni. Mtaalamu wa hesabu akisema non-starter anamaanisha haiwezekani. Mpatanishi akisema non-starter mara nyingi anamaanisha sitaki, ila sitaki ni neno la mtoto kwa hiyo kalivalisha koti. Ni dau la mwanzo, anakwambia usiniletee hilo mpaka uongeze kitu. Sikiliza kama kasema "as it stands", yaani kwa jinsi lilivyo sasa hivi, "As it stands, the offer is a non-starter". Hapo mlango hajaufunga, kaurudishia tu. Ukibadilisha ofa mnaongea tena.

Ukiwa we ndo unayeongea, na unayemjibu ni mkubwa wako au mteja, usimtupie likiwa tupu. "Your idea is a non-starter" peke yake inagonga kama mlango usoni. Weka sababu mbele neno lije nyuma: "We don't have the licence for that, so I'm afraid it's a non-starter". Kwa kufanya hivyo kosa linahamia kwenye leseni, yeye anabaki na heshima yake. Kwa wenzako wa kila siku kwenye meseji haina shida, "nah, non-starter" inatosha. Kwenye ripoti rasmi kabisa au karatasi ya chuo mi ningeandika not feasible au not viable, maana non-starter bado lina harufu ya maongezi.

Hatua ya 7: Lirudishe Kiswahili

Usitafsiri vipande, utapata "isiyoanza" na msomaji atauliza isiyoanza nini. Angalia mahali. Kwenye ripoti, pendekezo lisilotekelezeka. Kwenye habari, pendekezo lisilokubalika, hasa kama anayesema ni mwanasiasa, kwa sababu ile niliyokwambia, haiwezekani yake ni sitaki. Kwenye maongezi, "hilo sahau", "hapo hamna kitu", "halina pa kuanzia". Ninayoipenda mimi ni "limekufa kabla halijazaliwa", ina ukavu uleule.

Usiende kwa "kutwanga maji kwenye kinu" wala "kumpigia mbuzi gitaa", misemo mizuri yote miwili lakini kule mtu anatwanga kweli na gitaa linapigwa kweli, jasho linatoka. Kwenye non-starter hakuna jasho.

Hatua ya 8: Jipime

Soma hali, amua mwenyewe, ndo uangalie jibu.

Rafiki ana mpango wa kuchapisha wimbo mpya, katoa, wiki mbili wamesikiliza watu wanane wakiwemo ndugu zake. Flop, imebuma.

Timu imependekeza kuhamia ofisi kubwa zaidi, mhasibu anasema mkataba wa ofisi ya sasa unawabana miaka mitatu mbele na hamna pesa ya kulipa fidia. Non-starter, na because yake hiyo hapo.

Umeomba nafasi ya masomo, wanachukua mtu mmoja kati ya mamia. Long shot, tuma maombi.

Mtu anakuambia ana mashine inayozalisha umeme wake mwenyewe milele bila kutiwa chochote na anatafuta wa kuchangia mtaji. Kifizikia non-starter. Kama anakuomba pesa, kuna neno lingine, scam.

Umepewa ripoti Jumatatu, leo Jumatano, hujaandika hata kichwa cha habari, na bosi anauliza imefikia wapi. "I haven't started yet, but I'll begin this afternoon."